Filamu kwenye flashi: nani anaumia?

Mkuu, umeuliza kama msanii anaumia kweli filamu yake ikiingizwa bure kwenye flashi, maana alishamuuzia msambazaji na kulipwa. Anaumia, ila kwa kuchelewa. Watu wengi wa Bongo Movie waliuza haki zote kwa mkupuo. Kopi za mtaani zilimuumiza kwanza msambazaji. Naye alipoona DVD haziendi, akashusha dau la filamu inayofuata, siku za kushuti zikapunguzwa, mpiga taa akaachwa nyumbani. Stempu za kodi za TRA (Mamlaka ya Mapato) za mwaka 2013, za kuonyesha kopi halali, zilibandikwa kwenye DVD na CD, flashi zikapita pembeni. Mwanamuziki ana afueni kidogo: wimbo ukisambaa, anaitwa kwenye shoo. Mwandishi wa skripti haitwi popote, na hilo linaniuma sana.