Bili ya New York si kama ya Malindi

Dada, umeuliza kama sahani ya dola 20 New York utailipia dola 20. La. Huku kwetu Malindi bei ya menyu kwa kawaida ishabeba kodi ya VAT, asilimia 16. Ukila samaki wako wa kupaka unalipa kilichoandikwa, basi. Kule kodi huongezwa mwishoni, asilimia 8.875, kisha bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Ukitoa asilimia 20 ya bei ya menyu, sahani hiyo inafika dola 25 na senti 78.

Ukihudumiwa mezani, bakshishi usiikwepe. Sheria ya Marekani inaruhusu mhudumu alipwe dola 2.13 kwa saa, eti bakshishi itajaza pengo (jimbo la New York limeweka kiwango cha juu zaidi, afadhali). Kahawa ya kaunta ni habari nyingine: utageuziwa mashine ya kadi yenye vitufe vya asilimia, na muuzaji anakutazama. Bonyeza cha kukataa bila haya.

Mkienda kundi, someni bili kwanza, mara nyingi bakshishi ishaingizwa humo. Maji ya bomba omba tu, ni bure.