Umehamia Fedora? Hiyo .deb iache

Pole ndugu. Umetoka Ubuntu kwenda Fedora, zote mifumo ya Linux, sasa apt (amri ya Ubuntu ya kusakinisha programu) haipatikani na faili lako la .deb (kifurushi cha programu cha Ubuntu) halifunguki. Kompyuta haina kasoro: Fedora hutumia vifurushi vya .rpm, na msimamizi wa vifurushi vyake, yaani programu ya kuvisakinisha na kuviondoa, ni dnf. Kwa GIMP unayoitaka, ile programu ya kuhariri picha, andika kwenye terminal (dirisha la amri):

sudo dnf install gimp

Programu isipopatikana kwa dnf, jaribu Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu kwenye Linux. Kugeuza .deb kuwa .rpm usithubutu, mimi nilifanya hivyo kwa ajili ya printa, Jumapili nzima ikaniishia hapo. dnf ikikuuliza kama iendelee, kabla ya kubonyeza y (ndiyo), soma orodha ya vitakavyoondolewa. Ukiona programu unazozitegemea zimo, bonyeza n (hapana). Umeshabonyeza y? Mara nyingi "sudo dnf history undo last" hurudisha mambo. Kama mashine ni ya ofisi, mwite fundi wenu kwanza.