Maswali na Majibu: Kufufua Mikono ya Mbele ya Datsun 720

Safari hii maswali mengi yanahusu mbele ya Datsun 720, pikapu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1979 na ambayo hadi leo kuna watu wanaitegemea kwa riziki. Kwa asiyeijua: kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Gereji nyingi huiita wishiboni. Upande wa gurudumu kila mkono umeungwa kwa boljointi, kiungo cha chuma kinachogeuka kila upande, na upande wa chasisi umekaa kwenye bushi, mpira uliobanwa kati ya mrija na ganda la chuma. Springi ya kuzunguka, ile ya waya mnene uliojiviringa, haipo. Kazi yake inafanywa na nondo nene ya chuma maalumu, toshenibaa, iliyolala sambamba na chasisi na kujisokota kila gurudumu linapopanda. Ninazungumzia ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu.

Swali: Shikamoo fundi. Nabeba mboga kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini. Gari linagonga mbele nikipita kwenye mashimo na tairi linaliwa upande wa ndani. Fundi mmoja kasema beringi, mwingine kasema boljointi. Nimsikilize yupi?

Marahaba mwanangu. Lipime gari lenyewe. Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu kabisa na gurudumu, wala si chini ya chasisi. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukiinua kwa chasisi, toshenibaa inaendelea kuusukuma mkono kwenda chini, boljointi inabaki imebanwa, na ubovu unajificha. Ukiinua kwa mkono wa chini, boljointi inapumua.

Tairi likiachana na ardhi kidogo, lishike juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku wewe ukiendelea. Kucheza kukiisha, ni beringi. Kukibaki, tatizo liko kwenye boljointi au bushi. Sasa ingiza mtaimbo chini ya tairi, uliinue taratibu, na macho yako yawe kwenye boljointi ya chini. Kisha chukua bisibisi kubwa, isukume kati ya mkono na mahali uliposhikiziwa. Bushi nzima inarudi kwa ukaidi. Iliyokufa inakwenda na kurudi bila upinzani, na utaona pini haiko tena katikati ya mpira.

Tairi kuliwa ndani peke yake kunanifanya niwaze bushi za mkono wa juu. Zikilegea, juu ya gurudumu panaingia ndani. Lakini pima kwanza.

Swali: Nataka kufungua mwenyewe nyumbani. Kuna hatari?

Ipo, na ni toshenibaa. Ile nondo inabeba uzito wa upande mzima wa mbele. Ukifungua boljointi ikiwa bado imesokotwa, mkono wa chini unashuka kwa nguvu ya kuvunja mguu wa mtu. Simamisha chasisi kwenye stendi imara, magurudumu yaning'inie. Nenda nyuma ya toshenibaa ambako kuna bolti ya kurekebishia. Pima kwa rula ni milimita ngapi za nyuzi zimejitokeza, andika, kisha ilegeze mpaka isiwe na mzigo kabisa. Baada ya hapo tu ndipo uguse kitu kingine.

Toshenibaa za kushoto na kulia hazibadilishani, kila moja imeandaliwa kusokotwa upande wake. Tafuta herufi L na R zilizogongwa kichwani. Piga alama ya rangi kwenye meno yake kabla ya kuitoa, na usiishike kwa spana ya mabomba. Mkwaruzo mmoja kwenye mwili wake ndio unaoanzisha ufa.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa magari VETA. Bushi za zamani zimegoma kutoka na presi hatuna karibu. Wenzangu wanasema tuzichome moto. Ni sawa?

Hapana, dada. Moshi wa mpira ule ni sumu, na moto wa kukisia unaulainisha mkono mahali ambapo unatakiwa uwe mgumu. Fanya hivi. Toboa mpira kwa drili kuzunguka pini ya kati mpaka utoke wote. Kinachobaki ni ganda jembamba la chuma. Pitisha msumeno wa chuma ndani, ulikate ganda kwa urefu, taratibu, ukiacha unene wa kucha kabla ya kugusa mkono wenyewe. Gonga kwa tindo palipokatwa, ganda litajikunja na kutoka.

Kuingiza mpya kunahitaji bolti ndefu imara, nati, washa nene na vipande viwili vya bomba. Bomba moja lisukume ukingo wa ganda la bushi, si mpira wake. Lingine, kubwa zaidi, lipokee upande wa pili. Mkono wenye masikio mawili lazima uwekewe kipande cha bomba katikati kuyazuia. Usipoweka, masikio yatakaribiana na bushi itakaa upande. Nimeona mikono mizima ikiharibika hivyo kwa dakika moja. Kulainisha, tumia maji ya sabuni. Oili na grisi ya kawaida huvimbisha mpira.

Mkono ukiwa mtupu, usugue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, uukague mchana kweupe. Tazama kuzunguka masikio na mahali boljointi inapokaa. Kutu ya juu juu si neno, piga praima na rangi. Ufa ni jambo jingine: usichomelee, tafuta mkono mwingine.

Swali: Nilibadilisha bushi zote, za dukani, mpya. Miezi mitatu tu zimekatika. Bushi za siku hizi ni feki?

Feki zipo, lakini kabla ya kumlaumu muuzaji, niambie: fundi alikaza nati za bushi gari likiwa wapi? Nina hakika lilikuwa juu ya stendi, magurudumu yakining'inia.

Bushi ya mpira haizunguki kwenye pini yake. Mrija wa ndani unabanwa na nati, ganda la nje linashikwa na mkono, na mpira ulio katikati unajisokota kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Ukikaza gurudumu likiwa limening'inia, umeuambia mpira kwamba pale chini ndipo nyumbani kwake. Ukishusha gari, mpira unasokotwa kabla hata hujawasha injini, na utabaki hivyo usiku na mchana, hata gari likiwa limelala uani. Kila tuta linaongeza juu ya msokoto ule.

Mwaka jana ililetwa kwangu pikapu iliyofanyiwa hivyo katika gereji nyingine. Nilikata bushi moja kwa msumeno nimwoneshe mwenye gari. Mpira ulikuwa bado mweusi, unanukia upya, hauna hata vumbi ndani. Lakini ulikuwa umechanika kandokando ya mrija kama mwezi mwandamo, upande mmoja tu, ule uliovutwa. Yule baba alikuwa amelipia kazi ile kwa mauzo ya mahindi ya msimu mzima. Iliniuma sana, kwa sababu kuifanya sawasawa hakugharimu hata senti ya ziada.

Funga kila kitu, nati za bushi ziwe zimeshikwa tu. Rudisha bolti ya toshenibaa kwenye kipimo ulichoandika. Funga magurudumu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, libonyeze mbele mara kadhaa likae. Linganisha urefu wa kushoto na kulia kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, urekebishe. Sasa ingia chini, gari likiwa limesimama kwa miguu yake, ukaze nati zote kwa kipimo cha kitabu.

Swali: Bushi za kuchongesha je? Mafundi chuma wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wananichongea za nailoni kwa bei nafuu.

Mafundi wa Gerezani ni hodari na nawaheshimu. Lakini nailoni haijisokoti, na kishindo chote kinachomezwa na mpira kitakwenda kwenye chasisi. Za poliyurethini ni bora kuliko nailoni, ila zinateleza kwenye mrija badala ya kujisokota, kwa hiyo zinataka grisi ya silikoni kila mara. Barabara ya vumbi ikiingia humo, zinalia. Kwa gari la mizigo la shamba, mimi nabaki na mpira.

Swali: Na boljointi ya kugongea?

Usikubali. Kugonga kikombe ili kibane kunaondoa kelele tu, si uchakavu. Siku ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari ukiwa mwendoni. Nunua mpya.

Swali: Niko Muscat, nina Chevrolet C10 ya mwaka 1968. Maelezo yako yanafaa?

Ya bushi na boljointi, ndiyo. Ya toshenibaa, hapana. C10 ilitumia toshenibaa mbele kuanzia 1960 hadi 1962, na kuanzia 1963 ikahamia springi za kuzunguka. Springi ile iliyobanwa inaua. Tumia kifaa cha kubania springi, ifunge kwa mnyororo kwenye chasisi, na ushushe mkono wa chini kwa jeki polepole.

Swali: Nilikuta vibati vyembamba kwenye bolti za mkono wa juu. Nirudishe?

Rudisha vyote, kila kimoja kwenye bolti yake. Ndivyo vinavyoweka mlalo wa gurudumu, kwa hiyo unapovitoa vifunge kwa waya na karatasi iliyoandikwa "kushoto mbele", "kushoto nyuma", na kadhalika. Hata hivyo peleka gari likapimwe alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, kwa kuwa bushi mpya hazikai kama za zamani. Kabla ya kwenda, pitia boljointi zote nne uhakikishe kotapini, zile pini za kuzuia nati zisilegee, zimo. Tundu lisipolingana na nati, kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usilegeze kurudi nyuma.