Maswali yenu: kuingiza rekodi nyingi kwa mkupuo kwenye Laravel

Wiki hii nimechagua ya Laravel tu (fremuweki ya PHP ya kujengea wavuti) maana ndo yaliyojaa, na karibu yote yanazunguka palepale, mtu ana rundo la data anataka liingie kwenye databesi kwa mara moja. Kontrola na modeli mnazijua, sirudi huko.

Nina wanafunzi 5,000 kwenye Excel, nawaingiza kwa foreach yenye create ndani. Peji inazunguka weee mpaka inakata. Ninunue seva kubwa?

Usinunue kitu. Kila create ni kweri (ombi kwa databesi) yake peke yake, kwahiyo umeituma programu yako kwa databesi safari 5,000, na seva ya wavuti nayo ina kikomo cha kusubiri. Nishasema na nitaendelea kusema, kweri haikai ndani ya lupu! Kwenye lupu jenga array tu, ukitoka nje ndo unaita insert mara moja.

Ila usizipige zote 5,000 kwa pamoja, maana MySQL haikubali zaidi ya alama 65,535 za kushikilia nafasi ya thamani kwenye kweri moja. Jedwali lako likiwa na kolamu 14, wanafunzi 5,000 ni alama 70,000, umeshapita. Kata vipande vya 500 kwa array_chunk, alaf vyote vifunge ndani ya DB::transaction (vinaingia vyote au haviingii kabisa), sababu bila hiyo kipande cha saba kikigoma unabaki na nusu ya shule ndani na nusu nje, na hapo kumjua nani kaingia nani hajaingia ni kazi ya usiku kucha.

Nimetumia insert kama ulivyosema lakini created_at na updated_at ziko tupu. Hii ni bagi?

Sio bagi. Swali hili linakuja kila mara jamani, yani mnachukua insert kwa ajili ya spidi bila kujiuliza spidi inatoka wapi. Inatoka kwenye kuruka vitu. Insert haipiti kwenye modeli, inaenda moja kwa moja kwenye jedwali, kwahiyo tarehe weka mwenyewe kwa now(), na ile kazi uliyoandika ijiendeshe kila mwanafunzi anapoundwa haitajiendesha.

Hujauliza lakini nakuambia. Kama paswedi zako zinafichwa na kasti ya hashed kwenye modeli (mpangilio unaogeuza paswedi isisomeke), ukiwaingiza watumiaji kwa insert paswedi zinakaa kwenye jedwali kama zilivyoandikwa, kila mwenye macho anasoma. Ita Hash::make mwenyewe kabla. Na $fillable, ile orodha ya kolamu zinazoruhusiwa kujazwa, nayo haikulindi hapa, kwahiyo ukichukua kilichotoka kwenye fomu ukakimwaga kizimakizima kwenye insert, mjanja mmoja anajiongezea is_admin kwenye fomu yake na kesho ni bosi wako. Taja kolamu moja moja kwa mkono, hata kama inachosha.

Si nitumie tu createMany?

Ndani yake kuna lupu ileile. Kwa vitu kumi vya oda moja sawa, kwa elfu tano hapana.

Inaleta error, nisaidie haraka nina deadline.

Error gani? Ujumbe unao wewe kwenye skrini, mimi nauona wapi? Ila kama ni 21S01, inayosema idadi ya kolamu hailingani na idadi ya thamani, basi kuna rekodi kwenye array yako imekosa ufunguo ambao wenzake wanao. Asiye na namba ya simu mpe null, usimrukie.

Fomu ya mahudhurio ina jina[] na yupo[] ya kutiki. Nikisevu, waliokuwepo wanaandikwa hawapo na wasiokuwepo wanaandikwa wapo.

Hili swali zuri. Kisanduku kisichotikiwa brauza haikitumi kabisa. Darasa la 40 wakija 37, majina yanafika 40 na tiki zinafika 37, na hizo 37 zinajipanga kuanzia mwanzo, kwahiyo asiyekuja mmoja anawasogeza wote walioko chini yake. Tumia id ya mwanafunzi kwenye jina la sehemu, yani mahudhurio[id][yupo] huku hiyo id ukiiweka kwa Blade (violezo vya kurasa vya Laravel), kisha asiye na tiki unajua ni nani.

Na fomu ikija kukua chunga max_input_vars ya PHP, kawaida ni 1,000. Wanafunzi 300 kwa sehemu 4 ni 1,200, zinazozidi zinakatwa, onyo linabaki kwenye logi ambayo najua huifungui, na wa mwisho kwenye orodha wanapotea kimyakimya.

Nikipakia faili mara ya pili rekodi zinajirudia, nimeweka upsert (ile inayosasisha iliyopo au kuongeza mpya) lakini wapi.

Jedwali lina indeksi ya unique, inayokataa thamani kujirudia? Nadhani halina. Kwenye MySQL zile kolamu unazotaja kwenye upsert za kutambua rekodi hazitazamwi, inaangalia indeksi zilizopo kwenye jedwali basi. Weka migration (faili ya kubadili jedwali) ya unique kwanza. Na usikimbilie insertOrIgnore ya kuruka zinazojirudia, kwa MySQL inameza na makosa mengine, hata maandishi marefu kuliko kolamu yanaweza kukatwa yakaingia hivyohivyo bila wewe kuambiwa.

Na hizo namba za simu, Excel ikizichukua kama hesabu inakula sifuri ya mbele, kwahiyo mtu yuleyule wa 07 anarudi kama 7, na kwa databesi huyo ni mgeni. Zisafishe kabla, sio baada.

Kwa Django (fremuweki ya Python) je?

bulk_create, weka na batch_size. Haiiti save yako wala signali zake, kwahiyo rudi juu usome lile jibu la pili.