Vipimo vile vile, kichocheo kile kile, mbona salfa haitoki?

Mkuu uliyeuliza kutoka Kigoma, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema mmetengeneza kichocheo cha kuondoa salfa kwenye mafuta: mmeweka metali za molibdeni na kobalti juu ya alumina (oksaidi ya aluminiamu yenye vinyweleo vingi) kwa vipimo vile vile vya kichocheo cha kununua, halafu mkipitisha mvuke wa thiofini (kemikali yenye salfa, ya kujaribia) na hidrojeni, chenu kinaondoa salfa kama nusu tu ya chao. Wachangiaji wawili wamekwambia uongeze kobalti. Usiongeze. Njia hiyo niliipita mimi, ikanila muhula mzima.

Mimi ni mtu wa Urambo, Tabora. Baba alilima tumbaku, na utotoni nilikesha naye kwenye bani nikisukumia kuni. Moto ukipanda haraka mwanzoni, jani hukauka likiwa bado kijani, na ukijani ule hautoki tena hata ufanyeje. Miaka mingi baadaye nilikutana na kosa hilo hilo maabara, ila safari hii mharibifu nilikuwa mimi.

Nililowesha punje za alumina (zile zinazofanana na tambi zilizokatwakatwa) kwa maji yenye chumvi za metali, kiasi kile tu ambacho vinyweleo vyake vinaweza kunywa. Hapo nilikuwa sawa. Kisha, kwa haraka ya kuwahi basi, nikazitia mbichi kwenye oveni iliyokwisha kupata moto. Maji yalipokuwa yakikimbilia nje yakawa mvuke, yalibeba metali. Nilipokata punje moja kwa wembe nikaona ganda la rangi iliyokolea, katikati peupe kama chaki. Kwenye mizani metali yote ilikuwemo, lakini imerundikana ukingoni, na eneo la ndani, ambalo kwa alumina nzuri ni meta za mraba 200 au zaidi kwa kila gramu, limekaa bure. Siku hizi naziacha zitulie saa kadhaa kwenye chombo kilichofunikwa, kisha napandisha joto polepole hadi nyuzi 120 hivi.

La pili ni tanuri. Nyuzi 400 hadi 500 zinatosha kufukuza naitreti na amonia zilizobaki kutoka kwenye zile chumvi. Tanuri letu kipimajoto chake kilikuwa kimechomoka kidogo, kinaonyesha 450 wakati ndani ni zaidi ya 700. Asubuhi nikakuta punje za bluu ya kukolea, mwenzangu akazisifia jinsi zilivyopendeza! Ubluu hafifu ni kawaida. Ule wa kukolea maana yake kobalti imezama ndani ya alumina, ikaungana nayo na kuwa aluminati, na huko haishiriki tena kazi yoyote ya maana.

Sasa kwa nini kuongeza kobalti hakusaidii. Kinachofanya kazi si oksaidi (metali zilizoungana na oksijeni) mnazotoa tanurini, ni molibdeni salfaidi, yaani molibdeni iliyoungana na salfa: vitabaka vyembamba mno, na kobalti inatakiwa ikae kwenye kingo za vitabaka hivyo. Watafiti wa Denmark, kina Henrik Topsøe, ndio waliolifafanua jambo hili. Kobalti iliyokosa nafasi ukingoni inaunda salfaidi yake yenyewe pembeni, ambayo mchango wake ni mdogo. Tena kobalti ina pupa: huwahi kugeuka salfaidi kabla molibdeni haijatengeneza kingo za kuipokea. Ndiyo maana watu hutia asidi ya sitriki kwenye yale maji ya kulowesha. Inaikamata kobalti na kuichelewesha mpaka kingo ziwe tayari. Ukitumia njia hii kausha tu, usichome, maana asidi ikiungua huna tena cha kuizuia kobalti. Katika yote niliyojaribu, hii ndiyo iliyonipa mruko mkubwa kuliko zote.

Wakati wa kukiamsha kichocheo, yaani kugeuza oksaidi zake kuwa salfaidi, salfa iingie mapema, joto likiwa bado chini. Ukikipitishia hidrojeni tupu ya moto kwanza, metali zinanyang'anywa oksijeni na baadaye hazikubali salfa vizuri. Na jamani, hidrojeni salfaidi ni sumu. Pua huizoea, kwa hiyo harufu ikipotea usidhani gesi imekwisha.

Mkishafanikiwa na thiofini msishangilie sana, hiyo ni rahisi. Kwenye dizeli mkaidi ni dibenzothiofini (ndugu mkubwa wa thiofini) yenye vikundi vya methili, vishada vidogo vya kaboni na hidrojeni, nafasi ya 4 na ya 6, vinavyoikinga salfa isiguse kichocheo. Hapo wengi huhamia nikeli badala ya kobalti, kwa sababu hushibisha pete za kaboni za molekuli hiyo kwa hidrojeni kwanza, molekuli ikapinda, salfa ikafikika.

Yule wa Ujiji aliyeuliza kama anaweza kusafisha pipa la dizeli ya boti nyumbani: hapana ndugu yangu. Inahitaji hidrojeni, nyuzi 300 hadi 400 na mgandamizo wa makumi ya baa. Dizeli yetu huja ikiwa imeshasafishwa ng'ambo. TIPER pale Kigamboni, iliyokuwa kiwanda cha kusafisha mafuta, sasa ni ya kuhifadhi tu, na Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa hadi sehemu 50 za salfa kwa milioni.

Mkuu wa Kigoma, kata punje moja katikati uweke picha hapa. Na useme mliingiza oveni ikiwa baridi au moto.