Ndama akiharisha, hesabu siku zake kabla ya kutafuta sindano

Simu za namna hii nazipata zaidi wakati wa masika, na masika ya Rungwe mnayajua: mvua haikatiki, banda halikauki. Mtu anaanza moja kwa moja, "Mama, shikamoo, ndama wangu anaharisha, nimchome nini?" Nikishaitikia, nami namwuliza: ana siku ngapi tangu azaliwe?

Wengine hudhani namkwepa. Lakini umri hunipa fununu kubwa kuliko rangi ya kinyesi, ambayo kila mtu hupenda kunielezea kwa kirefu. Cheupe, cha njano, cha kijani, rangi peke yake haimtaji mkosaji. Damu tu ndiyo inayonifanya nikae sawa.

Ndama akianza kuharisha ndani ya siku nne za kwanza, namshuku E. koli. Bakteria huyu yumo kwenye mavi ya ng'ombe wote, ila kuna aina yake yenye uwezo wa kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo wa ndama mchanga na kuufanya umwage maji. Ndama akikua kidogo, pale anapojishikiza panapungua, ndiyo maana aina hiyo ni nadra kumharisha ndama wa siku kumi. Huua haraka sana. Asubuhi ndama amesimama, jioni amelala ubavu na miguu ya baridi.

Kuanzia siku ya tano hivi hadi wiki ya tatu ni zamu ya virusi wawili, rota na korona, pamoja na kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu. Mimi nakiita kripto. Rota mmeisikia kliniki kwenye chanjo za watoto. Korona hii si ile ya mwaka 2020, ni ndugu yake wa ng'ombe. Wote watatu hufanya kazi moja: huharibu vile vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula, maziwa yakapita bila kumeng'enywa vizuri. Na mara nyingi hawaji mmoja mmoja, utakuta wawili au watatu kwenye ndama yule yule.

Salmonela, bakteria mwingine, huweza kuja umri wowote, ingawa kwa ndama mara nyingi ni baada ya wiki ya kwanza. Huleta homa, harufu mbaya na damu. Koksidia, kijidudu kingine cha utumbo, wafugaji wa kuku mnaijua, japo ya kuku haimwambukizi ng'ombe. Ya ng'ombe huchukua takribani wiki tatu kukomaa ndani ya utumbo kabla ya kuonyesha dalili, kwa hiyo ukimnunulia ndama wa wiki moja dawa ya koksidia umetupa hela.

Sasa rudi kwenye rota, korona na kripto. Hakuna hata mmoja kati yao anayekufa kwa antibiotiki ya oksi. Chupa ya oksitetrasaiklini imekuwa jibu la kila kitu vijijini kwetu, na mwenye duka la dawa za mifugo hatakukatalia ukiwa na pesa mkononi. Antibiotiki ina mahali pake: ndama ana homa, ana damu kwenye kinyesi, au amelegea na kukataa kunyonya. Hapo mwite daktari wa mifugo aamue ipi na kiasi gani. Ndama anayeharisha lakini bado anasimama, ananyonya na macho yake yanang'aa, anachohitaji ni maji na chumvi.

Hapa ndipo ninapopagombania kila mara. Kinachoua ndama wengi ni kukauka, pamoja na chumvi zinazotoka na yale maji na damu kugeuka tindikali. Ndama mwenye kilo 35 akiharisha vibaya anaweza kupoteza zaidi ya lita tatu kwa siku moja. Bana ngozi ya shingo, izungushe kidogo, uiachie. Ya mzima hurudi papo hapo. Ikibaki imesimama sekunde mbili au zaidi, amekauka. Tazama na jicho: likianza kuzama, ukaona nafasi kati yake na kope, hali si nzuri. Mtie kidole mdomoni. Mdomo wa baridi usiotaka kunyonya kidole ni dharura, na huyo anahitaji dripu. Usimmiminie chochote kwa chupa kwa nguvu, kitaingia mapafuni.

Kwa anayenyonya bado, zipo pakiti za chumvi na glukosi zilizotengenezwa kwa ajili ya ndama, na hizo ndizo bora. Ukizikosa, kwa kuanzia tumia ORS ya binadamu, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi ya uvuguvugu. Mpe lita mbili, mara mbili kwa siku, ukizidisha kama anaendelea kumwaga maji mengi. Lakini ile ya nyumbani ya sukari na chumvi tunayowapa watoto, usimpe. Utumbo wa ndama mchanga hauwezi kumeng'enya sukari ya mezani, nayo humwongezea kuharisha. Uji nao ni hivyo hivyo, wanga kwake ni mzigo. Najua bibi zetu waliwanywesha uji, na ndama wengine walipona. Nadhani walipona licha ya uji.

Maziwa usiyakate. Ushauri wa zamani ulikuwa kumfungia maziwa siku mbili ili "tumbo lipumzike", na bado kuna watu wanaufuata. Ndama mchanga hana akiba mwilini, hasa kwenye baridi ya Tukuyu. Ukimfungia maziwa anaharisha huku ana njaa. Mpe maziwa kidogo kidogo kwa saa zake za kawaida, na ORS katikati, ukiachanisha kwa saa mbili hivi.

Wengi wetu tuliingia kwenye ng'ombe wa maziwa kwa mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, kwamba mtamba wa kwanza anakwenda kwa jirani. Ndama jike akifa, deni halifi. Ndiyo maana natamani simu hizi zingekuja kabla ng'ombe hajazaa, tuzungumze kuhusu dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa.

Kinga ya ng'ombe haipiti kwenye kondo kwenda kwa ndama aliye tumboni. Anazaliwa mtupu, na kinga yote anaipata kwenye dang'a. Utumbo wake huipitisha kinga hiyo kwenda kwenye damu kwa saa chache tu. Uwezo huo hupungua kila saa, na ndama akifikisha umri wa siku moja mlango umefungwa. Kwa hiyo ng'ombe akizaa saa nane usiku, amka. Lita tatu hadi nne ndani ya saa sita za mwanzo kwa ndama wa kisasa, mapema kadiri uwezavyo. Usitegemee kwamba "amenyonya mwenyewe", kamua umpimie. Nyumba nyingi dang'a huchemshwa ikaliwa, na sikatai kwamba ni tamu, lakini ndama ashibe kwanza. Endelea kumpa dang'a siku kadhaa baada ya hapo pia, kwani hata isipoingia kwenye damu, hukaa tumboni na kuwazuia rota. Ya ziada igandishe kwenye friza. Ukiitaka, iyeyushe kwa maji ya uvuguvugu, usiichemshe.

Katika banda, wadudu wote niliowataja huingia kwa mdomo kutoka kwenye mavi: chuchu chafu, ndoo, mikono yako, buti zako. Zalisha mahali pakavu, safisha kiwele kabla ya kunyonyesha, paka kitovu iodini. Kripto ni msumbufu kuliko wote kwa sababu Jik haimuui. Anachokiogopa ni maji yanayochemka na ukavu, na kwa mvua zetu ukavu ni wa kutafuta: pandisha sakafu ya ndama kwa mbao, badilisha majani makavu kila siku, na ikiwezekana hamishia ndama anayefuata mahali ambapo hapajalala mgonjwa.

Kripto na salmonela huwapata watu pia. Watoto wadogo wasicheze na ndama anayeharisha, na mwenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU, amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Nawa kwa sabuni na maji tele.

Ndama wakiharisha mfululizo, mmoja baada ya mwingine, chukua kinyesi kibichi kabla hujatoa dawa yoyote, umwombe afisa mifugo akipeleke maabara. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Iringa. Wakati unasubiri majibu, lisha wazima kwanza, wadogo kabla ya wakubwa, na mgonjwa awe wa mwisho akiwa na ndoo yake. Akipona usimrudishe haraka kati ya wachanga, kwani huendelea kumwaga vijidudu kwa siku kadhaa hata kinyesi kikiwa kimeshakaza.