Jua limetoka baada ya theluji, niende mlimani?

Mdogo wangu, umeuliza kama wewe mtoto wa Goma unayesoma Grenoble, mji wa Ufaransa kwenye milima ya Alps, uwafuate wenzako mlimani Jumapili, maana theluji ilianguka siku mbili na sasa kuna jua. Jua hilo lisikudanganye. Siku ya kwanza ya anga safi baada ya theluji nyingi ni kati ya siku za hatari zaidi kwa maporomoko ya theluji.

Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Upepo ukiirundika upande mmoja, hutokea bamba lililoshikamana juu ya punje zilizolegea kama sukari. Uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja likaporomoka. Wengi wanaofukiwa, maporomoko wameyaanzisha wenyewe au wenzao. Ukisikia mlio mzito, "vuum", chini ya miguu, au ukaona ufa unakimbia mbele yako, rudi. Usibishane.

Soma taarifa ya hatari ya maporomoko ya Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, kabla ya kutoka. Sisi tumezoea rangi za tahadhari za OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano, kuhusu Nyiragongo. Kule ni namba, kutoka 1, hatari ndogo, hadi 5, hatari kubwa kabisa. Watu huona 3 wakasema "katikati, si mbaya", na vifo vingi hutokea hapo hapo. Kwa mgeni, 3 maana yake usikanyage mteremko wa nyuzi 30 na zaidi, wala usipite chini yake.

Kifaa cha kutafutana kwa mawimbi, koleo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji: kila mtu na vyake. Baada ya dakika 15 hivi nafasi ya aliyefukiwa kupona hushuka sana, na waokoaji mara nyingi hawajafika. Wenzako hawana? Baki nyumbani upike bugali na sombe.